Nyumba Mbichi

Siku ya tisa baada ya maji kuondoka, niliosha sakafu ya sebuleni mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Mara ya kwanza niliona tope limebaki kwenye pembe ya mlango. Mara ya pili nilikuwa natoa michirizi ya mara ya kwanza. Mara ya tatu, niseme ukweli, sikuona kitu. Mikono tu ilikataa kukaa.

Jirani yangu alikuwa amesimama nje ya dirisha letu, viwiko juu ya ukingo, kama mtu aliyelipia kiti. Mtaa mzima unamwita Redio, kwa sababu habari ikimwingia saa mbili, saa tatu imeshafika kwa muuza mkaa. Mwenyewe hachukii. Anasema afadhali kuwa redio kuliko kuwa simu isiyopokelewa, na akisema hivyo humtazama mumewe.

"Mama Kijiko," akaniambia, "ukiendelea kuisugua hiyo sakafu utaitoboa, utokee upande wa pili wa dunia. Ukifika huko utusalimie."

Nikacheka kidogo, nikakamua tambara, nikaendelea.

Kijiko ni binti yangu. Ana miezi kumi na minne. Jina lake hasa limeandikwa kwenye kadi ya kliniki, na kadi hiyo ilikuwa imeanikwa jikoni kwenye kamba pamoja na madaftari yangu ya masomo ya jioni, kila kimoja na kibanio chake, wino umetambaa kama mizizi. Sisi tunamwita Kijiko kwa sababu tangu siku alipojua kushika kitu alishika kijiko cha chai, na hajakiachia. Anakula nacho, anapiga nacho meza, analala nacho. Siku ile ya tisa alikuwa hajalala nyumbani karibu wiki nzima, na hilo ndilo lililokuwa likisugua sakafu, si mimi.

Maji yalikuja Jumanne mchana. Mfereji mkubwa nyuma ya mtaa ulikuwa umeziba, mvua ilikuwa ya siku tatu, na mimi nilikuwa jikoni namenya viazi. Kijiko alikuwa sebuleni kwenye mkeka. Akaita, "Maa." Wakati huo neno lake lilikuwa hilo moja, na kwangu lilikuwa na maana moja: mama. Nikamjibu nakuja, nakuja mwanangu, nikamalizia kiazi. Akaita tena. Nikachukua kiazi kingine. Alipoita mara ya tatu nikatoka huku najifuta mikono, nikamkuta ameketi juu ya mkeka uliolowa, ameelekeza kijiko mlangoni. Chini ya mlango maji ya kahawia yalikuwa yanaingia kimya kimya, kama mgeni aliyevua viatu.

Hakuwa ananiita. Alikuwa ananiambia maji.

Nusu saa baadaye yalikuwa yamenifika kiunoni. Mume wa Redio alitupokea juu ya ukuta wa uani, mtoto kwanza, mimi nyuma, na Kijiko alikuwa ameloa hadi kwenye nywele. Siku tatu baadaye kifua kikambana. Muuguzi wa kliniki akanieleza kwa upole, lakini bila kupindisha, kwamba mtoto huyu asilale kwenye nyumba yenye unyevu na ukungu. Mapafu yake hayataki mchezo. Mimi kila nikikumbuka nakumbuka viazi. Viazi viwili.

Mama mkwe wangu alikuja Jumamosi kumchukua. Alikuwa dobi kwa miaka thelathini; vidole vyake bado vimekunjamana kwenye ncha, kana kwamba ametoka kwenye beseni sasa hivi. Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini, akatazama mstari wa maji uliozunguka kuta zetu kama mkanda, akavuta pumzi mara moja puani. Akaniuliza kama naenda nao. Nikasema, sasa mama, nani atasafisha? Hakurudia. Akamweka Kijiko mgongoni, akamfunga vizuri, akasema:

"Mtoto hakai kwenye nyumba mbichi. Ikikauka, nitamleta."

Neno hilo, mbichi, likanichoma. Lazima nieleze kwa nini. Mara yangu ya kwanza kupika kwao, kabla hata ya ndoa kutimiza mwezi, nilipakua wali ambao punje zake zilikuwa zinalia menoni. Mama mkwe alitafuna taratibu, akameza, akasema, "Ni mbichi kidogo, mwanangu," na mawifi zangu wakaangalia sahani zao huku mabega yanatikisika. Tangu siku hiyo, wakinipigia simu huuliza kama nimeiva. Ni utani, najua. Lakini aliposimama mlangoni kwangu na kusema nyumba mbichi, mimi sikusikia nyumba. Nilisikia mke mbichi, mama mbichi, mtu aliyemenya viazi wakati mwanawe anamtangazia mafuriko.

Ndipo nikaanza kuosha.

Tope la kwanza nililirundika uani kwa koleo. Godoro lilikuwa limekunywa maji likawa zito kama ng'ombe, tukaliburuta watu wanne. Kabati la mbao lilivimba, droo zikagoma, na nilipofaulu kuivunja moja nikakuta nguo za mtoto zimeshikana kama mkate. Niliosha sufuria kwa maji ya moto, nikaziosha kwa dawa, nikaziosha tena kwa sabuni. Mume wangu anafanya kazi kiwanda cha sabuni. Kila jioni alirudi ananukia maua, akaingia kwenye nyumba inayonuka bata, akavua shati, akashika ndoo. Yeye ni mtu wa maneno machache. Siku moja tu alisema kwamba kiwandani wamemuuliza kama nyumbani anafungua duka, kwa jinsi anavyobeba sabuni.

Fundi wa ujenzi aliyetusaidia ni rafiki yake wa siku nyingi. Wanamwita Taratibu. Ukimwona anavyochanganya saruji utaelewa. Aliingia sebuleni, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kila hatua mbili, ameinamisha sikio kama daktari. Kisha akabandua plasta yote kuanzia chini hadi juu kidogo ya mstari wa maji, matofali yakabaki uchi. Chumbani akasema tusubiri kwanza, tusijikoseshe pa kulala. Lakini kwenye ukuta ulio karibu na kitanda cha Kijiko alibandika kipande cha nailoni, ukubwa wa ukurasa wa daftari, akakizungushia selotepu pande zote nne.

"Shemeji, hiki ndicho kitakwambia," akasema. "Kila asubuhi kiangalie. Ukiona matone kwa ndani, ukuta bado unatoa jasho. Siku utakayokuta pakavu, niite. Kabla ya hapo usipake kitu, usizibe kitu. Fungua madirisha uuache upumue. Na hizo ndoo zako zipumzishe."

Nikamwuliza itachukua muda gani. Akafikiri, akahesabu vidole, akaanza upya. Wiki tano, akasema. Labda sita.

Nilimwambia sawa. Alipotoka nikajaza ndoo.

Si kwamba sikumwelewa. Darasani kwetu mwalimu wa sayansi alishatufundisha jinsi maji yanavyokuwa mvuke, na hewa iliyoshiba mvuke inavyokataa kupokea mwingine. Niliandika vizuri kabisa, nikapigia mstari. Lakini kukaa kwenye kiti katikati ya nyumba ile na kusubiri hewa ifanye kazi, sikuweza. Nikiketi nasikia "maa". Nikiinuka halipo. Nikaosha milango. Nikaosha balbu. Nikafumua mapazia yaliyokuwa mazima nikayashona upya. Kila asubuhi naangalia nailoni, kila asubuhi matone yamejipanga kwa ndani, manene, yanameta kama macho ya samaki.

Jioni nilikuwa napiga simu. Mama mkwe alikuwa anaiweka karibu na mdomo wa mtoto, na mimi nasikia pumzi, halafu kijiko kikigonga kitu, halafu, "Maa." Nasema ndiyo mwanangu, mama huyu hapa. Halafu namsikia mama mkwe kwa mbali: "Haya, anataka maji huyu," na kikombe, na mtoto akinywa kwa kishindo. Mara tatu ilikuwa hivyo. Mara ya nne nikauliza kama kuna uwezekano ananiita mimi. Mama mkwe akasema inawezekana, lakini maji pia alikunywa.

Jumatano ya wiki iliyofuata akaniambia kifua kimefunguka, mtoto amepiga hatua nne peke yake kutoka kwenye beseni hadi kwenye kiti. Alisema kwa furaha, na mimi nikafurahi, kisha nikaweka simu chini nikalia kwenye pazia. Nilikuwa nimetaka kuziona hatua hizo. Kabla ya kukata simu alikuwa ameongeza kwamba Jumamosi watakuja mara moja, aone nyumba inaendeleaje.

Redio, ambaye alikuwa dirishani, hakuhitaji kuambiwa. "Anakuja kukagua," akasema. Nikamwambia anakuja kutusalimia. "Ndiyo," akasema, "kwa macho."

Kulikuwa na debe la rangi. Ndicho kitu pekee ndani ya nyumba ambacho mafuriko hayakukigusa: lilielea siku nzima, kifuniko kimekaza, na maji yalipotoka lilikaa juu ya jiko kama limejipikia. Rangi ya samawati, iliyobaki tulipopaka chumba kabla Kijiko hajazaliwa. Alhamisi, mume wangu alipokwenda kazini, nikalifungua kwa bisibisi.

Nilijiambia napaka mstari wa maji tu, uache kunitazama. Halafu mstari ukaonekana umepakwa, nikapaka juu yake. Halafu juu ikawa mpya na chini kuukuu, nikashuka. Nilipofika kwenye nailoni ya Taratibu nikapaka kuizunguka, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayefagia pembeni mwa paka aliyelala. Saa tisa chumba kizima kilikuwa samawati, chenye dirisha dogo la nailoni ambalo halikuwa linaangalia popote. Nikasimama katikati. Kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi mikono yangu ilikaa kimya, kama robo saa hivi.

Mume wangu alirudi, akasimama mlangoni pa chumba. Akauliza Taratibu anajua? Nikasema ni rangi tu. Akagusa ukuta kwa kidole kimoja, akakitazama kidole, akaenda kuvua viatu. Baadaye, tukiwa tunakula, akasema kwamba mimi ndiye ninayemjua mama yake vizuri zaidi, yeye anamjua tu kama mama. Sikujua kama ni utani. Naye hakucheka.

Ijumaa mchana ukuta ulianza kutoa malengelenge. Moja kwanza, karibu na soketi, ukubwa wa harage. Nikalibonyeza likarudi ndani. Nikageuka, kulikuwa na mawili. Jioni yalikuwa mengi, mapana, rangi imevimba kama maziwa yanayotaka kuchemka. Nikasogeza kitanda cha Kijiko mbele ya makubwa, nikatundika blanketi kwenye ubavu wake.

Jumamosi asubuhi nikaangalia nailoni. Matone, kama kawaida. Nikabandua selotepu upande mmoja, nikaingiza ncha ya khanga, nikafuta hadi pakawa safi, nikabandika tena na kupitisha ukucha ili ikae. Nilifanya haraka haraka, bila kuwaza, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi mgeni akibisha hodi. Na kweli hodi ikabishwa.

Kijiko alikuwa mgongoni kwa bibi yake, amenona, amesukwa nywele mistari minne. Alinitazama. Aliendelea kunitazama, kijiko mdomoni, kwa muda ambao mwingine angeuona mfupi. Halafu akanyoosha mikono. Nilimpokea, nikamnusa shingo. Alikuwa ananukia jua na nguo zilizopigwa pasi. Hakusema kitu. Alinipiga kwenye bega kwa kijiko, mara mbili, kama anapima kama mimi ni mzima.

Mama mkwe alivua viatu mlangoni, nikamwambia mama usivue, akavua tu. Akazunguka sebuleni, akatazama matofali, akamsifu Taratibu. Nikamwambia chumbani pia kumekauka. Nilisikia sauti yangu ikisema hivyo, nyepesi kabisa. Nikamwambia kuna nailoni ya kipimo, aiangalie mwenyewe. Akasema atakuja, ngoja kwanza apumzishe mgongo. Akaketi kwenye kiti kilichobaki.

Kijiko alitaka chini. Nikamweka, na hapo akanionyesha: akasimama, akayumba, akaenda. Hatua tano, sita, nikaacha kuhesabu. Akaingia chumbani mbele yangu, mimi nyuma nimeinama, mikono imefunguka. Akafika kwenye kitanda chake, akashika ubavu, akavuta blanketi. Likaanguka. Akayaona malengelenge.

Kwa mtoto wa umri ule nadhani hakuna kitu kizuri zaidi duniani. Akachagua kubwa kuliko yote, akalichoma kwa kijiko. Rangi ikapasuka, na ndani yake maji yakatoka, uzi mwembamba, yakashuka kwenye samawati hadi sakafuni. Akaufuata uzi kwa macho. Akanigeukia, akaelekeza kijiko ukutani.

"Maa."

Kutoka sebuleni mama mkwe akauliza, "Anasema nini?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu nililolitamani wiki mbili, na hakuna ambaye angenipinga: ananiita mimi. Lingetosha pia kunipa muda wa kuokota blanketi. Mtoto alikuwa ananisubiri, kijiko juu, kama alivyonisubiri siku ile nilipokuwa na kiazi mkononi.

"Anasema maji, mama," nikajibu. "Ukutani kuna maji. Nimepaka rangi juu ya ubichi. Na nailoni nimeifuta leo asubuhi. Usimwache hapa."

Nikasikia nyayo zake. Aliingia, akatazama malengelenge, akatazama blanketi sakafuni, akatazama nailoni yangu inayong'aa. Hakuigusa. Akasogea hadi ukutani, akaegemeza shavu, akafumba macho. Mikono ya dobi, alinieleza baadaye, imezoea maji hadi haiyatambui, shavu halidanganyiki. Alikaa hivyo kama mtu anayesikiliza jirani. Alipojiondoa alikuwa na rangi kwenye shavu, na sikuthubutu kumwambia.

"Mbichi," akasema.

Nikamwambia najua. Nikamwambia na mimi pia najijua, tangu ule wali; kwamba mtoto alinitangazia mafuriko mimi namenya viazi; kwamba nimeosha kila kitu na bado. Maneno yalitoka kama tope, yamechanganyika, sikumbuki mpangilio. Alinisikiliza akiwa amekunja uso, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo.

"Wali gani?" akauliza.

Nikamweleza.

Alicheka hadi akashika kitanda. Kisha akaona sicheki, akaacha. "Mwanangu," akasema, "mimi ni dobi. Kwangu kila kitu ni kibichi au kikavu, hakuna la tatu. Nguo mbichi, kamba mbichi, nyumba mbichi. Nilisema nyumba. Nani alikwambia ni wewe?"

"Na siku ile nilikuuliza twende wote. Ukanitolea ndoo. Nikafikiri hutaki kukaa kwangu."

Kijiko alikuwa ameshapasua lengelenge la tatu. Mama mkwe akamwacha apasue. Akasema nyumba haihitaji mtu wa kuisubiri ikikauka. Nguo zikiwa kambani dobi hasimami kuzikodolea macho, anaenda kufanya mengine. Kisha akauliza begi langu liko wapi, au nalo limeoshwa.

Nilifungasha mbele yake. Kila kitu changu kilikuwa kisafi mno. Nilichukua madaftari mawili yaliyokauka, kadi ya kliniki, nguo chache. Nilimpigia mume wangu kiwandani. Kelele za mashine zilikuwa nyingi, nikarudia mara mbili. Akasema jioni atakuja huko huko, na kesho atamleta Taratibu abandue rangi, naye ndiye atakayemwambia, mimi nisijali. Halafu akasema, kwa sauti ya chini iliyopita katikati ya mashine, kwamba alitaka kuniambia kuhusu ule ukuta lakini aliona nimetulia.

Redio alikuwa dirishani. Nikamwuliza kama anaweza kuniangalizia nyumba, maana madirisha yote yatabaki wazi mchana, na baba Kijiko atayafunga akipita kutoka kazini. Akatazama ndani: matofali uchi, kiti kimoja, kabati lisilo na droo.

"Mwizi akiingia hapa," akasema, "ataacha kitu. Nenda, shoga. Nitatangaza kwamba upo."

Mama mkwe alitangulia nje kuvaa viatu, bado ana samawati shavuni. Mimi nikampakata Kijiko, begi begani, nikageuka kutazama mara ya mwisho. Kutoka chumbani hadi mlangoni, kwenye sakafu yangu, kulikuwa na nyayo ndogo za vumbi la plasta na maji ya ukutani, kumi au kumi na moja, zinakwenda upande, zinakaribia kuanguka, zinaendelea. Tambara lilikuwa pale pale juu ya ndoo. Mkono wangu ukalifuata, nikaushika, yaani nikaushika mkono wenyewe kwa ule mwingine, na mtoto katikati.

"Maa," akasema Kijiko kwenye shingo yangu.

Nikamwuliza lipi. Hakujibu, akanipiga kijiko. Tukatoka, nikaacha mlango wa chumbani wazi, ili upepo upite.